Bega la Kondoo wa Daktari Kihara

Mimi sina ubaya na wasomi. Nawauzia nguo. Siku ya soko pale Giakanja utanikuta na bunda langu la mitumba, na mwalimu, karani, hata mchungaji, wote huja kuinama mbele yangu wakitafuta koti lisilo na doa. Daktari Kihara naye nilimwona mara ya kwanza hapo hapo, ila yeye hakutafuta koti. Alikuwa amelivaa tayari, la sufu nzito ya kijivu, na kwa jua lile la Februari jasho lilikuwa limemfika mpaka kwenye miwani, lakini kulivua hakulivua. Angelivua, tungejuaje kwamba alisomea Skotlandi?

"Nimeambiwa wewe ni dada ya Kabura," akasema. "Yule wa mguu."

Yule wa mguu! Kabura ni kitindamimba wetu, mwalimu wa nasari, mtu mwenye jina na heshima zake. Lakini tangu Novemba iliyotangulia, ile ya mvua ya El Nino, kila mtu alikuwa amemwacha Kabura akaushika mguu. Siku moja ya mvua hiyo lori la kanta lililobeba mawe liliteleza kwenye matope chini ya soko likamfinya na ukingo wa barabara. Mfupa wa muundi wa kushoto ukavunjika vipande vipande, usaha ukaingia, na hospitalini wakalazimika kuondoa kipande kilichooza. Kikabaki pengo la upana wa vidole vitatu. Mguu ukafungwa vyuma na skrubu kwa nje ili usiachane vipande viwili, na dada yangu akawa anatembea kwa magongo, akiuma midomo ili asilie mbele ya Mama.

Daktari wa upasuaji, mzee mmoja mpole asiye na maneno mengi, alituambia wazi kwamba mfupa hauwezi kuruka pengo kama lile. Akaomba aukate mguu chini ya goti. Kabura angepewa wa bandia, na Pasaka ingemkuta anatembea.

Kabura alisema, "Sawa. Ukate."

Unafikiri tulimsikiza? Mama alipiga nduru wodi nzima ikageuka. Mimi nilimuuliza yule daktari kama alisomea udaktari ama bucha. Kabura alikuwa mtu mzima mwenye akili timamu, mguu ulikuwa wake na maumivu yalikuwa yake, lakini sauti tulikuwa nayo sisi. Tena kulikuwa na Muriithi, mchumba wake, fundi wa redio na televisheni kule Nanyuki. Muriithi alisema angemuoa Kabura hata kama angebaki kichwa tu. Baba yake, Mzee Kingori wa hapo Giakanja, hakusema kitu. Ninyi mnaojua wakwe mnajua kimya cha namna hiyo kina bei yake.

Basi nikampeleka Daktari Kihara nyumbani kwetu Tetu. Mama akampa chai na ndizi za kuchemsha, naye akafungua mkoba akatoa picha. Ilikuwa picha ya panya asiye na manyoya, na mgongoni mwake limeota sikio kubwa lenye umbo la sikio la mtu. Alisema ilikuwa imetoka kwenye magazeti ya dunia nzima. Mama aliitazama mpaka chai ikapoa.

"Na hiyo sikio inasikia?" akauliza.

"Hapana, mama. Ni umbo tu."

"Sasa inamsaidia na nini?"

Daktari alikohoa. Akaweka panya kando, akatoa mfukoni kijiwe cheupe, kidogo kama kipande cha sabuni kinachokaribia kuisha, kimejaa vitundu kila upande. Akatuambia ni tumbawe, jiwe la baharini, limesafishwa na kuchongwa. Yeye alikuwa akikiita kiunzi. Ukikitia kwenye pengo la mfupa, chembe za mfupa zinapanda juu yake, zinaingia kwenye vile vitundu, zinajenga. Polepole jiwe lenyewe linayeyuka na unabaki na mfupa mtupu.

"Ni kama ghorofa," akasema. "Mafundi wanasimamisha miti, wanapanda, wanajenga ukuta. Ukuta ukimalizika miti inaondolewa."

Nikamwambia, "Daktari, wewe umekaa ng'ambo sana. Hapo Nyeri taun kuna ghorofa miti yake imesimama tangu nikiwa darasa la tano. Ukuta tunangoja mpaka leo."

Hakucheka. Nadhani wasomi huenda kuchekea ofisini.

Lakini usidhani kwamba ulimi wangu na moyo wangu ni kitu kimoja. Nilikichukua kile kijiwe mkononi nikakifunika kwa vidole, na nilikitaka kwa nguvu zangu zote. Nilitaka kiingie kwenye mguu wa Kabura siku hiyo hiyo, hapo hapo mezani, ikiwezekana kwa kisu cha mkate. Nilimwona dada yangu akivuka uwanja wa kanisa kwa miguu yake miwili, na Mzee Kingori akitafuta pa kuficha uso. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba Mama ndiye aliyeamini zaidi.

Sharti lilikuwa moja. Kamati ya wakubwa huko Nairobi haikuruhusu jiwe litiwe kwa binadamu kabla ya kujaribiwa kwa mnyama. Daktari angewatia kondoo sita, angengoja nusu mwaka, kisha kamati ingekuja wachinjwe mbele yake, mifupa ionekane. Ikiwa imeshika, Kabura angekuwa mtu wa kwanza. Ikiwa haijashika, mguu ukatwe. Yule mzee wa upasuaji alikubali kungoja mpaka mwisho wa Septemba na si zaidi, kwa sababu usaha ulikuwa ukirudi kila mwezi na homa nyuma yake. Alipomuuliza Kabura kama ataweza kuvumilia, mimi ndiye niliyejibu kwamba ataweza.

Kondoo wangekaa wapi? Daktari alitaka mahali karibu, penye vizimba safi, na mtu mwenye mkono na mnyama. Giakanja nzima ingekupa jina moja tu. Mzee Kingori anajulikana kutoka Tetu mpaka Othaya kwa sababu ya ngoima zake. Kama wewe si wa huku, ngoima ni kondoo dume anayefungiwa kizimbani. Hatoki kwenda malishoni, hakimbii, hafanyi lolote. Analetewa majani ya viazi vitamu na chumvi mpaka anenepe hata kulala kunakuwa kazi. Na usifikiri anafugwa hivyo kwa mapenzi. Anafugwa kwa sababu kuna harusi ya mtu inakuja.

Sasa msikie daktari akimpa Mzee Kingori masharti. Kondoo wawe madume wenye afya. Wafungiwe, wasitembee ovyo. Walishwe vizuri. Wasipigwe. Baada ya nusu mwaka watachinjwa. Kila neno mzee alitikisa kichwa. Hakuambiwa jipya hata moja, na mimi niliyekuwa nimesimama pale sikuona kasoro. Daktari wa watu aliyelelewa Nairobi, kwenye nyumba za reli, angejuaje kwamba alikuwa ameagiza ngoima sita?

Wakaja na daktari wa mifugo, wakawalaza kondoo kwenye stoo ya mzee iliyopigwa dawa mpaka paka akahama. Kila mmoja alikatwa kipande cha mfupa kwenye mguu wa mbele wa kulia, juu, kati ya bega na goti. Kiunzi kikatiwa pengoni, na bamba la chuma likapigiliwa skrubu kando yake kushikilia. Wakashonwa, wakatundikwa vibati vya bluu masikioni. Baada ya miezi michache sufu ilikuwa imefunika makovu na kondoo wakawa wakubwa, wanang'aa, wanahema kwa shibe. Mzee Kingori alikuwa akipita pale kizimbani akiwatazama kama mtu anayetazama mahindi yaliyokomaa kwenye shamba la jirani.

Julai daktari alimpakia mmoja kwenye pikapu, akampeleka kliniki moja akapigwa eksirei. Akaja na ile picha kwetu akiipeperusha. Akaibandika kwenye dirisha la Mama, jua likapita ndani yake, nasi tukaona mfupa wa kondoo. Pale palipokuwa na pengo palikuwa peupe pepepe.

"Pamejaa," akasema. "Angalieni! Pamejaa pote!"

Mama alicheza mwenyewe bila ngoma. Mimi nilimkumbatia daktari na koti lake na joto lake. Hata Mzee Kingori, habari zilipomfikia, alipata ulimi. Alituma wazee wakasema haoni sababu ya kungoja, ngurario, harusi yetu ya kimila, ifanywe Septemba, kabla ya Kabura kwenda kutiwa jiwe. Mguu ulikuwa umeshapona kwenye picha ya kondoo, unataka nini tena?

Kabura alikuwa amekaa mguu wake juu ya kigoda. Kulikuwa na harufu ambayo sote tulikuwa tumejifunza kutoisema.

"Si mngoje kwanza nijue nabaki na miguu mingapi?" akasema. "Ndio mjue mnaoza nani."

"Wacha kujitabiria mabaya," nikamwambia, nikaendelea kuhesabu sufuria za kuazima.

Sasa nitakuambia mapema jambo ambalo sisi tulilijua baadaye, kwa sababu mimi si mtu wa kumficha mtu kitu ili aruke kwenye kiti. Wiki ya ngurario, ngoima ambaye Mzee Kingori alikuwa amemtayarisha mwenyewe kwa ajili ya mwanawe alikula majani ya lusini yenye umande, akavimba tumbo, akafa. Harusi bila ngoima kwetu ni mkutano wa chama. Mzee alisimama pale na kondoo aliyevimba upande huu, na upande wa pili wa mbao, kondoo sita wa daktari wakimtazama huku wakitafuna. Wote wanene. Wote wa kuchinjwa mwisho wa mwezi huo huo. Hakuona hata kama hilo ni swali. Alichagua aliyenenepa kuliko wote, akamtoa kibati cha bluu sikioni, akakitia mfukoni kisipotee.

Jumamosi ikafika. Hema zikasimama kwetu Tetu, akina mama wakaimba langoni mpaka wageni wakakohoa kwa vumbi, lango likafunguliwa. Vijana wa upande wa bwana harusi wakamchinja kondoo nyuma ya boma. Mmoja aliona mstari kwenye nyama ya bega akauliza ni nini. Mzee Kingori akamwambia kondoo alipigwa pembe na mwenzake. Kijana aliridhika. Alikuwa na njaa.

Daktari Kihara alikuwa mgeni wa heshima. Tulimkalisha meza ya mbele, na koti lake, karibu na Mzee Kingori. Akaletewa supu, akaimaliza. Akaletewa mbavu na mukimo wa viazi na mahindi. Kachumbari akajiongezea mwenyewe.

"Mzee, hii nyama ni tamu ajabu," nikamsikia akisema. "Mnamlisha nini?"

"Majani ya viazi vitamu, daktari," Kingori akajibu kwa unyenyekevu kabisa. "Vile tu wewe ulisema."

Daktari akatikisa kichwa kwa furaha ya mtu anayesifiwa, akachukua ubavu mwingine. Serikali yake na chuo chake walikuwa wamegharamia kila tonge. Sijawahi kuona mtu akiufaidi utafiti wake kwa karibu namna ile.

Kisha wakati wa kiande ukafika. Huo ndio moyo wa ngurario. Mguu wa mbele wa kulia, umechomwa mzima na bega lake, unaletwa kwenye sinia. Bwana harusi anaukata mbele ya watu, anampa bibi harusi nyama yake, naye akila, basi, ameolewa, hakuna mtu wa kubisha tena. Na kuna namna ya kukata. Unatafuta kiungo, unapitisha kisu, mfupa unaachana na mfupa taratibu. Mwanamume anayekatakata ovyo anachekwa mpaka na wajukuu.

Muriithi anaweza kutafuta kasoro ndani ya redio huku amefumba macho. Kiungo cha kondoo hakukiona.

"Juu kidogo!" akapaza sauti mjomba mmoja.

"Hapana, chini! Kijana, uko chini ama uko wapi?"

Muriithi akatoka jasho. Akamtazama Kabura aliyekaa pale mbele yake, mguu kwenye kigoda umefunikwa leso, ncha za vyuma zikiinua kitambaa. Akakaza mkono akakata katikati ya mfupa, kwa nguvu, mahali ambapo hakuna kiungo wala dalili ya kiungo.

Kisu kikalia, kweng'!

Watu wakacheka, wakidhani amegonga sinia. Akarudia. Kweng'! Akafunua nyama kwa ncha ya kisu, na pale ndani, kwenye mafuta na moshi, kikang'aa chuma. Bamba lililonyooka, na skrubu zimepangana kama vifungo vya kanzu ya padri. Kicheko kikakatika. Mzee mmoja wa upande wetu akasimama kwa fimbo yake akasema kondoo wa ngurario ni lazima awe mzima, hana kilema, na kama huyu ameletwa na spea za gari ndani, upande wao watozwe faini.

"Hiyo chuma ni yangu!"

Daktari Kihara alikuwa amesimama, ubavu mkononi, mdomo haujafungwa. Aliutazama ubavu. Akaitazama sahani yake, mifupa aliyokwisha kuisafisha. Nilimwona akihesabu mabakuli ya supu.

"Mzee," akasema kwa sauti nyembamba, "huyu ni kondoo yangu?"

"Ni yako," Kingori akasema, akatoa kibati cha bluu mfukoni akakiweka mezani kwa uangalifu. Hakuwa na haya hata chembe. "Yangu ilikufa. Lakini daktari, wewe ulisema unataka mfupa. Sisi tunataka nyama. Sasa shida iko wapi? Mfupa ndio hii hapa. Hata tungekuoshea."

Heh! Mwambie makosa yake kama unaweza. Mimi nilijaribu, nikakosa pa kuanzia.

Daktari naye alijaribu kukasirika, lakini macho yake yalikuwa yameshaenda kwenye sinia. Alivuka meza, akasukuma watu, akapiga magoti mbele ya kiande kama anayesali. Hamu ya kujua ilikuwa imemshinda. Na sisi pia. Mama alishika mkono wangu. Ghafla hakuna aliyejali faini, kwa sababu kila mtu pale uani alijua kile kilichokuwa chini ya lile bamba kilikuwa cha nani. Tulikuwa tukingoja kamati ituambie, na hiki hapa kimeletwa mezani kwetu na chumvi yake.

"Nahitaji kufungua," daktari akasema. "Nahitaji..."

Muriithi alikuwa ameshatoa mfukoni rundo la funguo zake ndogo za kazi. Ndiye bwana harusi pekee niliyewahi kumwona akifungua skrubu kwenye nyama ya harusi yake. Alizifungua moja moja, akaziweka ukingoni mwa sinia. Mimi nilikuwa nikisema kimyakimya, ishike, ishike, Mungu wangu, iwe imeshika. Akainua bamba.

Mguu wa kondoo ukaachana vipande viwili. Na kile kijiwe kikatoka pengoni, kizima, vitundu vyake vyote mahali pake, kikabiringika kwenye mafuta kikasimama upande wa Kabura.

Mama akaachia mkono wangu.

"Ni moto," daktari akaanza. "Nyama ikichomwa, unajua, tishu zinalegea, na pia wiki mbili zilikuwa bado, na..."

Kabura aliinama, akakiokota. Akakifuta kwa leso. Kisha akachukua nusu ya mfupa akatia kidole pale ulipokatwa na daktari. Nami nikauona: ulikuwa umejifunga, laini, wa mviringo. Mfupa ulikuwa umeliona lile jiwe, ukakataa kujuana nalo.

"Daktari," akasema. "Sitaki maneno mengi. Imeshika ama haijashika?"

Daktari Kihara alifungua mdomo, na naweza kuapa kwamba Skotlandi nzima ilikuwa inajipanga pale kooni itoke. Kisha akamtazama dada yangu usoni, si mguuni. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza.

"Haijashika," akasema.

Wala hakukosea. Wale watano waliobaki walipofunguliwa mbele ya kamati, hakuna aliyekuwa tofauti.

"Na ile picha?" Hiyo ilikuwa sauti yangu, na sikuitambua. "Ile nyeupe yote? Ulisema pamejaa!"

"Jiwe lenyewe huwa jeupe kwenye eksirei," akasema polepole. "Kama mfupa. Nilijua hivyo. Lakini niliiangalia, nikaona mfupa. Nilitaka uwe mfupa."

Nilitaka kumpiga na lile sinia. Nilishaliinua upande mmoja, mafuta yakanichirizikia mkononi. Miezi yote ile! Homa zote zile, mashuka niliyoyafua, Kabura akiuma mto ili Mama asisikie. Halafu nikamwona Kabura ananitazama, wala hakuwa anamtazama daktari, nikalishusha lile sinia. Daktari aliona mfupa kwa sababu aliutaka. Na mimi niliutaka kumshinda. Yeye alitia jiwe kwenye kondoo tu; mimi nilimjibia Kabura kwamba atavumilia.

Kabura akaweka kile kijiwe kwenye kiganja cha daktari, akamfunga vidole.

"Rudi ukajaribu lingine," akasema, bila ubaya. "Kuna mtu atalihitaji. Lakini mimi naenda Jumatatu kukatwa. Na safari hii mtu asinisemee."

Akamgeukia Muriithi. Aliyosema ninayakumbuka neno kwa neno.

"Muriithi, umesikia. Mguu mmoja. Kama unataka kuniacha, weka kisu chini sasa hivi, watu wakiwa bado hapa wakuone. Usingoje niwe nimelala hospitali ndio uanze kukosa nauli ya kutoka Nanyuki."

Mzee Kingori aliangalia viatu vyake. Mama alijifunika uso. Muriithi alisimama na kisu, mafuta yamemfika kwenye viwiko, shati la harusi limeharibika, na kwa muda mfupi niliogopa kwamba naye ni mtu tu.

"Baba," akasema, "lete ile bega ingine."

"Ya kushoto?" Yule mzee wetu wa faini akaruka. "Kiande ni ya kulia! Haijawahi kuonekana mtu akioa na ya kushoto!"

"Mzee, hii ya kulia iko na chuma," Muriithi akamjibu kwa heshima zote. "Kama unataka nikate chuma, nitakata. Lakini bibi yangu atakula nini?"

Wazee wakainama kushauriana, wakakumbuka faini, wakakumbuka pombe iliyokuwa ikingoja, wakaona kwamba mila haikuwahi kusema lolote kuhusu kondoo mwenye skrubu. Bega la kushoto likaletwa. Muriithi akashika kisu, akaanza tena kupapasa nacho juu, chini, juu. Wajomba wakavuta pumzi wapaze sauti. Kabura akawazuia kwa mkono, akajisogeza mbele kwenye kiti chake, akaweka kidole juu ya nyama.

"Hapa," akamwambia. "Kwa kiungo. Usiogope. Ukikata mahali pake haikatai."

Muriithi akakata. Kisu kilipita bila sauti, mfupa ukaachana na mfupa, safi kabisa. Akachukua kipande akampa mkononi, naye akala, akitafuna polepole mbele ya watu wote, macho wazi. Akina mama wakapiga vigelegele, vya kwanza vikiwa vimekwama, kisha vikatoka.

Mimi sikuweza. Nilikuwa nimesimama kando ya sinia na mafuta yangu mkononi, nalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni, mimi ambaye huku Tetu nzima watu huniogopa kwa mdomo. Kabura akanivuta kwa nguo mpaka nikainama. Akanyofoa kipande kingine cha nyama akanitilia mdomoni kwa vidole vyake.

"Wangui, utalia Jumatatu," akasema. "Leo kula."